Leicester walishuka daraja wakiwa na mabao 51

Msimu wa 2022/23 Everton walifunga mabao 34 katika mechi 38 za Ligi Kuu ya England, na wakabaki. Chelsea walifunga 38, wakamaliza nafasi ya 12, na dirisha lilipofunguliwa wakaenda kununua wachezaji kama kawaida yao. Leicester City walifunga mabao 51 na wakashuka daraja.

Kila nikikaa na watu wa mpira hesabu hii lazima niitoe, kwa sababu naona kushuka kule kulielezwa vibaya. Wapo waliosema ni bahati mbaya. Wapo waliosema Leicester ni timu ndogo, ilipanda juu kimakosa mwaka 2016 na sasa imerudi kwao. Kauli zote mbili zinaniuma, na nina sababu za kuzikataa.

Tuanze na Southampton. Walimaliza mkiani kabisa, pointi 25, wameshinda mechi sita tu msimu mzima. Mbili kati ya hizo sita waliwafunga Leicester: 2-1 mwezi Agosti palepale King Power, uwanja wa Leicester, na 1-0 kwao mwezi Machi. Theluthi nzima ya ushindi wa timu mbovu kuliko zote ilitoka kwa Leicester. Na sasa angalia mwisho wa msimamo: Everton 36, Leicester 34. Tofauti ya mabao ilikuwa -23 kwa Everton na -17 kwa Leicester. Maana yake, wangetoa sare tu mechi zile mbili na Southampton, wasishinde hata moja, wangefika pointi 36 na wangebaki kwa mabao. Mtu akishapoteza mara mbili kwa timu ya namna hiyo, sioni bahati inaingilia wapi.

Niseme kidogo kwa nini timu hii ya katikati ya England ilinishika moyo mimi niliyekulia Morogoro. Sababu ya kwanza ni ile ya kila mtu: ubingwa wa 2015/16, pointi 81, kampuni za kubeti zikiwa zimeweka 5,000 kwa 1 mwanzoni mwa msimu. Vardy mabao 24, Mahrez 17, Kanté anakimbia kama wako wawili. Sababu ya pili niliijua baadaye, nayo inatuhusu zaidi. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasiende kuishi kwao, eti jiji limejaa. Wakaenda, maelfu kwa maelfu, wakawakuta wenzao waliokwishatoka Kenya na Tanganyika. Leo wapo wazee wa upande wa Belgrave wanaokumbuka Kiswahili cha Kampala, cha Mombasa na cha Dar, na wajukuu wao wanavaa jezi ya bluu. Jiji lililowafungia mlango limejengwa upya kwa mikono yao. Kwangu mimi hiyo ni timu yenye undugu na huku, hata kama haijawahi kuwa na Mtanzania uwanjani.

Ila ilikuwa na Ndidi. Wilfred Ndidi alitoka Genk ya Ubelgiji Januari 2017, na kabla ya hapo alikaa mwaka mzima chumba kimoja cha kubadilishia nguo na Mbwana Samatta. Waliokuwa wanaifuatilia Genk kwa ajili ya Samatta walishamjua Ndidi kabla Waingereza hawajamsikia. Nitarudi kwa Samatta, maana anaingia katika hadithi hii kwa mlango mwingine.

Kilichoiweka Leicester juu baada ya ubingwa kilikuwa utaratibu mmoja walioushika kwa nidhamu. Kila mwaka anauzwa mchezaji mmoja kwa bei kubwa, na mbadala wake anakuwa tayari yupo au anatafutwa kwa akili. Kanté akaenda Chelsea 2016, Drinkwater naye Chelsea 2017, Mahrez Manchester City 2018, Maguire Manchester United 2019 kwa pauni milioni 80, Chilwell Chelsea 2020. Anaondoka Maguire, Söyüncü anasimama pale pale na watu hawaoni pengo. Anaondoka Chilwell, anaingia Castagne. Kocha Brendan Rodgers alipofika Februari 2019 akaongeza soka la kupendeza, timu ikamaliza ya tano mara mbili mfululizo, na tarehe 15 Mei 2021 Tielemans akapiga lile kombora lililowapa Kombe la FA mbele ya Chelsea. Wakati huo ungesema hawa wameshafika.

Lakini mara zote mbili walizomaliza wa tano walikuwa wamekaa ndani ya nne bora karibu msimu mzima, wakaidondosha nafasi ya Ligi ya Mabingwa siku ya mwisho. Ile fedha ya Ligi ya Mabingwa walikuwa wameshaanza kuishi kana kwamba wameipata. Mishahara ilipanda. Kituo kipya cha mazoezi cha Seagrave, kilichogharimu karibu pauni milioni 100, kilikuwa kimefunguliwa mwishoni mwa 2020. Na wenye timu, kampuni ya King Power ya Thailand, biashara yao ni maduka ya viwanja vya ndege. Uviko ulipofunga anga, wateja wao wakabaki majumbani. Mwaka 2021 ndipo wakavunja utaratibu wao wenyewe: hawakuuza mkubwa yeyote, halafu wakanunua Daka, Soumaré, Vestergaard, wakamchukua na Bertrand. Msimu wa 2021/22 klabu ilitangaza hasara ya zaidi ya pauni milioni 90. Uwanjani wakamaliza wa nane.

Hapa ndipo ninapoamini daraja lilianza kuporomoka. Kiangazi cha 2022 hakuna kilichofanyika. Kasper Schmeichel, nahodha na kipa wao kwa miaka 11, akaenda Nice, na goli akaachiwa Danny Ward aliyekuwa amekaa benchi miaka. Kipa aliyesajiliwa ni Alex Smithies, mchezaji huru wa kuwa akiba. Wiki zikapita, ligi ikaanza, mchezaji asiye kipa hata mmoja hajaja. Wesley Fofana akawa anataka Chelsea, wakavutana mwezi mzima, wakamuuza kwa takriban pauni milioni 70 mwisho wa Agosti. Siku dirisha linafungwa akaja Wout Faes kutoka Reims. Huyo peke yake. Rodgers alikuwa ameshasema wazi kwamba kikosi kinahitaji kutikiswa. Hakikutikiswa.

Na kuna jambo ambalo halikusemwa vya kutosha, la mikataba. Tielemans alikuwa anaingia mwaka wake wa mwisho. Söyüncü hivyo hivyo. Evans, Amartey, Mendy, Bertrand, wote mikataba inaisha Juni 2023. Fikiria uko ndani ya chumba hicho Januari, timu inayumba, na nusu dazeni ya wenzako wanajua kwamba timu ikibaki au ikishuka wao Juni wanafungasha. Sisemi walikata tamaa. Söyüncü aliporudishwa kikosini mwisho wa msimu alicheza kwa roho yake yote. Nasema klabu iliyokuwa inauza Mahrez kwa milioni 60 ikamwacha Tielemans aende Aston Villa bure. Hao walioacha mikataba ifikie pale ndio walioshusha timu, na hakuna aliyewazomea kwa sababu hawavai namba mgongoni.

Mechi ya kwanza, nyumbani na Brentford, wakaongoza 2-0 na kurudishwa 2-2. Baada ya hapo wakapoteza sita mfululizo: Arsenal, Southampton, Chelsea, United, Brighton 5-2, Tottenham 6-2. Katika ile ya Tottenham, mshambuliaji wao Son aliingia kutoka benchi akapiga matatu. Mechi saba, pointi moja. Kibandani kwetu tunakotazamia mpira hakuna aliyehofu. "Kaka, hawa hawashuki," aliniambia jamaa mmoja wa Arsenal ninayemheshimu kwa uchambuzi wake. "Timu ina Maddison, ina Barnes, ina Tielemans. Itashukaje?" Nadhani hata ndani ya Leicester kwenyewe waliongea hivyo hivyo. Na kwa muda mpira uliwapa haki: wakaipiga Nottingham Forest 4-0, Wolves 4-0, Leeds, Everton na West Ham kila mmoja 2-0, wakaenda mapumziko ya Kombe la Dunia wakiwa wa 13.

Ushindi ule naulaumu. Ulimfanya kila mwenye uamuzi aseme tumeshavuka. Maddison akarudi na maumivu ya goti, James Justin alikuwa ameshaumia kano ya kisigino, na Faes akajifunga mara mbili katika kipindi kimoja pale Anfield, Leicester wakafa 2-1 mechi ambayo Liverpool wenyewe hawakufunga bao. Mwezi Februari ukaja mwanga mwingine, 4-2 kwa Villa na 4-1 kwa Tottenham, halafu giza lenyewe: United, Arsenal, Southampton, Chelsea, wote wakawafunga. Blackburn ya daraja la chini ikawatoa Kombe la FA nyumbani kwao. Tarehe 1 Aprili, Crystal Palace, timu iliyokuwa haijashinda mechi hata moja mwaka huo, ikawafunga bao la dakika za nyongeza. Kesho yake Rodgers akaondoka. Timu ilikuwa ya 19, pointi 25, zimebaki mechi 10.

Sasa turudi nyuma, Februari 2017. Claudio Ranieri, mzee aliyewapa ubingwa miezi tisa kabla, alifukuzwa timu ikiwa pointi moja juu ya mstari wa kushuka daraja, zimebaki mechi 13. Dunia nzima iliwaita wasio na shukrani. Mimi pia niliumia, na bado sipendi walivyomtendea yule mzee. Lakini msaidizi wake Craig Shakespeare akachukua timu, akashinda mechi tano za kwanza za ligi mfululizo, wakamaliza wa 12. Mwaka 2017 waliamua mapema na kwa ukatili. Mwaka 2023 waliamua kwa upole na kwa kuchelewa, tena walipomwondoa Rodgers hawakuwa na mtu mkononi. Mechi mbili zikasimamiwa na makocha wa muda: Villa wakashinda 2-1, na Bournemouth, wapinzani wao wa moja kwa moja kule chini, wakaja King Power wakaondoka na 1-0. Mechi mbili nyumbani, pointi sifuri, wakati ofisini wanatafuta kocha.

Aliyepatikana ni Dean Smith, na hapa ndipo Samatta anaporudi. Smith ndiye kocha aliyemsajili Samatta Aston Villa Januari 2020, na mechi ya kwanza kabisa ya Samatta kwa Villa ilikuwa dhidi ya Leicester hii hii, nusu fainali ya Kombe la Ligi, siku Trézéguet alipofunga dakika za nyongeza na kuipeleka Villa Wembley. Watanzania tulimjua Smith kwa jina siku hizo kuliko tulivyojua makocha wetu wengine. Msimu ule aliiokoa Villa kwa tofauti ya pointi moja. Kwa hiyo alipoitwa Leicester, akiwa na Shakespeare yule yule na John Terry pembeni, nilipata matumaini ya kweli. Mechi nane. Akapata pointi tisa. Kwa mechi nane si vibaya, na sitamtupia lawama zisizo zake.

Kuna mechi moja kati ya hizo nane siwezi kuipita haraka. Mei Mosi, saa nne usiku kwa saa zetu, Everton nyumbani. Sikukuu ya wafanyakazi, kibanda kimejaa hadi watu wamesimama mlangoni, nusu yao wamekuja tu kuona nani anazama. Calvert-Lewin anafunga penalti. Söyüncü anasawazisha. Vardy, ambaye msimu mzima alikuwa anatafuta miguu yake, anafunga la pili, na dakika chache baadaye anagonga mwamba. Kabla ya mapumziko Leicester wanapata penalti. Maddison anauchukua mpira. 3-1 pale, na Everton wangekuwa wamekwisha. Akapiga katikati ya goli, kipa Pickford hakuruka, akasimama pale pale akauzuia. Kipindi cha pili Iwobi akasawazisha, 2-2. Fanya hesabu nyingine: Leicester wangeshinda ile, wangemaliza na 36 na Everton na 35.

Simlaumu Maddison. Alifunga mabao 10 na kutoa pasi tisa za mabao katika timu inayozama, na ndiye aliyekuwa anauomba mpira wakati wengine wanaukwepa. Lakini ile penalti ilionyesha Everton walikuwa wamejiandaa kwa mapigano ya namna gani. Kipa wao alikuwa amesoma. Upande wa Leicester, msimu mzima, kila kona iliyopigwa kwenye boksi lao ilionekana kama habari mpya. Waliruhusu mabao 68. Walibadilisha kipa mwezi Machi, Ward akatoka akaingia Iversen, na hakuna kilichobadilika kwa sababu tatizo lilikuwa kwa walio mbele yake. Ukishafunga 51 na ukaruhusu 68 hutakiwi kutafuta mganga.

Wiki moja baadaye wakaenda Fulham, wakafungwa 5-3, wakiwa nyuma 5-1 kabla ya kuamka. Liverpool wakaja wakawapiga 3-0. Kisha Newcastle, tarehe 22 Mei, Smith akawaweka Maddison na Barnes benchi, timu ikajifungia nyuma dakika 90 kutafuta sare. Walipata 0-0, na nafasi yao moja ya maana, ya Castagne dakika za nyongeza, kipa Pope akaidaka. Newcastle wakashangilia kurudi Ligi ya Mabingwa. Wachambuzi wengi walimsifu Smith kwa nidhamu ile. Mimi sikubaliani. Timu iliyojua kufunga tu, usiku mmoja ikaambiwa isifunge, na pointi moja ile ikawaacha siku ya mwisho wakitegemea mguu wa mtu mwingine.

Siku ya mwisho mechi zote zilianza saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa za kwetu. Everton 33, Leicester 31, Leeds 31. Leicester walikuwa na West Ham, Everton na Bournemouth. Dakika ya 34 Barnes akagongeana na Iheanacho, akafunga. Kwa kuwa Everton walikuwa 0-0, Leicester wakawa nje ya shimo kwa tofauti ya mabao. Mapumziko yale kibandani watu walitoka kununua mihogo na kurudi wakikimbia. Kisha dakika ya 57 kule Goodison, uwanja wa Everton, mpira ukaokolewa vibaya, ukamkuta Abdoulaye Doucouré nje ya boksi, akaupiga kama ulivyokuja. Faes akafunga la pili kwa Leicester kwa kichwa, na uwanja haukushangilia, kwa sababu kila mmoja alikuwa na simu mkononi anaangalia mechi ya wengine. Goodison mwamuzi akaongeza dakika 10. Bournemouth hawakufunga. Leicester walishinda 2-1 na wakashuka, timu ya pili kuwahi kuwa bingwa wa Ligi Kuu tangu ianze 1992 na kisha kuteremka. Ya kwanza ni Blackburn, hao hao waliowatoa Kombe la FA.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Maddison Tottenham, Barnes Newcastle, na ile nusu dazeni ya mikataba ikaisha kama ilivyoandikwa. Kocha Enzo Maresca akaja, akashinda ubingwa wa daraja la pili kwa pointi 97, na Chelsea wakamchukua wiki chache baadaye. Nilifurahi sana kwa kurudi kule. Nilitegemea kwamba waliokuwa ofisini 2022 wamejifunza kitu.

Msimu wa 2024/25 wakamfukuza Steve Cooper Novemba, wakamleta Ruud van Nistelrooy, na kati ya Desemba na Aprili wakacheza mechi tisa mfululizo za ligi nyumbani bila kufunga hata bao moja, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ngazi zote za ligi ya England. Walishuka tarehe 20 Aprili 2025, wamefungwa na Liverpool, zimebaki mechi tano. Safari hii hakukuwa na cha kuhesabu siku ya mwisho. Mei 18 Vardy, wa mwisho aliyebaki katika kikosi cha ubingwa, akacheza mechi yake ya 500 na kufunga bao lake la 200, akaaga. Agosti Ndidi akaenda Beşiktaş.

Waliokuwa wanaamua nani asajiliwe, nani aongezewe mkataba na kocha aondoke lini, walikuwa bado wale wale wa kiangazi kile cha 2022. Mashabiki wa Leicester waliandamana nje ya King Power msimu ule wakitaka wabadilishwe, wakaitwa wasahaulifu, wakakumbushwa ubingwa wa 2016 na marehemu Vichai, mwenye timu, aliyewajengea yote. Hakuna aliyemsahau Vichai. Waliokuwa pale nje siku zile ndio waliojaza maua uwanjani alipokufa kwenye ajali ya helikopta mwaka 2018, na walikuwa na haki ya kila neno walilopaza.